Nishikie Duka: Historia ya Marehemu Jengo la Felisian

Ndugu waombolezaji, wapangaji wa zamani mliotoka Tunduma, Mbeya na Namanyere, majirani wa Mazwi, watani wetu wa Milepa mliofika tangu jana na kutumalizia ugali, na ninyi watoto mliokaa mkekani hapa mbele, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Naitwa Mwalimu Cornelia, mtoto wa pili wa mzee Felisian, na kwa kuwa baba alilijenga jengo hili nikiwa tayari nimeanza kufundisha, marehemu ni mdogo wangu, ndiyo maana familia imeniomba nimsomee historia yake. Nitasoma polepole, na aliye nyuma asiposikia anyooshe mkono.

Watoto wameniuliza tangu asubuhi kama jengo huzikwa, nami nimewajibu kwamba kwa kawaida halizikwi, hata Katekista Isdori aliyetuongoza sala ametuambia kwa upole kwamba ametuombea sisi na wapendwa wetu, si matofali, na tumekubali. Lakini keshokutwa, Jumatatu tarehe 24 Februari 2014, mafundi watakuja kulibomoa, na Dada Evodia, mpangaji pekee aliyebaki ndani, ametuambia kwamba hawezi kutoka katika nyumba ambamo ameshikishwa milango ya watu, kwa sababu amana haiwekwi chini njiani, ama mwenyewe aje aipokee, ama mwenyewe azikwe. Binti yake Edith amekuja kutoka Mpanda kumchukua, amepanga chumba chenye dirisha la mashariki, ametandika kitanda, amengoja wiki tatu, na mama hatoki. Basi wazee wakasema, kama kinachotakiwa ni msiba, tuweke msiba, ili dada yetu aende akapumzike kwa mwanawe kabla paa halijamwangukia. Ndiyo sababu tumekaa hapa leo, hakuna nyingine.

Marehemu alizaliwa hapa Mazwi, katika kiwanja ambacho zamani kilikuwa shamba la ulezi la bibi yetu, msingi wake ukachimbwa Jumatatu tarehe 8 Juni 1987, katika ule ubaridi wa Ufipa unaofanya udongo uwe mgumu kama jiwe. Baba alikuwa mwashi, alikuwa amejenga makanisa na zahanati kuanzia Mwimbi hadi Kate, na tofali za jengo hili alizichoma mwenyewe, tanuri likiwaka siku nyingi hata majirani wakawa wanakuja kuota moto. Ninyi watoto mliozaliwa juzi hamwezi kujua maduka yalikuwaje kabla ya hapo, kwa hiyo niwaeleze, kulikuwa na duka la ushirika, sukari ikija watu walipanga foleni, na aliyechoka aliweka jiwe mahali pake akaenda kukaa kivulini, hivyo mngeweza kupita alfajiri mkakuta foleni ndefu ya mawe na vikapu, hakuna mtu, na kila jiwe likiheshimiwa kama mwenyewe. Kisha serikali ikaruhusu watu binafsi kuagiza bidhaa na kuuza, baba akasema sasa mawe yamepata ruhusa ya kusimama, akauza ng'ombe wake na trekta bovu, akajenga.

Mlango wa jengo ulifunguliwa Jumamosi tarehe 3 Septemba 1988. Wakati huo hapa mjini hapakuwa na kitu kama hicho, maduka kumi na manane yakitazamana, tisa huku na tisa huku, katikati njia pana ya sakafu nyekundu, juu paa moja linalofunika wote, na katika paa hilo baba alipachika mabati ya plastiki ya kijani ili mwanga upenye. Mchana mtu akiingia alikuwa kijani usoni, kijani mikononi, wanawake wa vijijini walicheka wakasema huku ni kama kuingia ziwani bila kulowa, na badala ya kuliita Jengo la Felisian watu wakaliita Ndani tu, ukitaka vifungo nenda Ndani, ukitaka jembe nenda Ndani. Kila duka lilikuwa na mlango wa chuma wa kuvuta kutoka juu, uliotoka Mbeya kwa lori, na milango yote kumi na minane ikishushwa jioni ilitoa sauti iliyosikika mpaka soko kuu.

Kuhusu elimu, marehemu alisoma kwa wafanyabiashara wenyewe, nao walikuwa hawajui kitu. Mlango wa saba alipanga Dada Evodia, mke wa fundi seremala aliyekuja kufariki mapema, akiuza vitambaa, nyuzi, sindano na vifungo. Mlango wa nane, jirani yake, alipanga Masanja, Msukuma mrefu ambaye wazazi wake walihamia Milepa na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa, yeye akauza majembe, misumari na minyororo ya plau. Mlango wa kumi na mbili alikuwa Polikarp, fundi cherehani, na mlango wa kumi na tano Shedrack, mtengeneza redio, hawa wawili wapo hapa leo na mtawaona. Walijifunza kupanga bei kwa kukosea, walijifunza kumkaribisha mteja bila kumvuta mkono, na zaidi ya yote walijifunza kushikiana duka.

Hili la kushikiana duka naomba watoto mlisikilize vizuri, kwa sababu historia yote ya marehemu imesimama juu yake. Wakati ule kwenda kufuata bidhaa Tunduma, Kasanga au Dar es Salaam ilikuwa safari ya kuaga, barabara wakati wa masika ilimeza malori, na mwenye duka akisafiri alimwambia jirani yake, nishikie duka. Jirani aliufungua mlango wa msafiri asubuhi pamoja na wa kwake, akamuuzia, akaushusha jioni, na kesho akaufungua tena, hata kama hakuna mteja, kwa kuwa baba aliwafundisha kwamba mlango wa msafiri ukishinda umefungwa ni kama kufagia nyayo zake siku aliyoondoka, ni kumwambia asirudi. Anayeweza kuufunga kabisa ni mwenyewe akirudi, akasimama mbele ya jirani, akasema nimerudi.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa na mabasi. Mwaka 1991 mabasi ya Mbeya na ya Mpanda yalianza kusimama mbele ya lango lake, abiria wakishuka wananunua Ndani, wakipanda wananunua Ndani, na kwa miaka kumi hakuna jengo lililopendwa kuliko hili katika mji wa Sumbawanga. Kuhusu watoto, alijaliwa wengi, kila kijana aliyejifunza kazi humu ni mtoto wake, lakini wa kumzaa hasa ni mmoja, Edith, aliyezaliwa tarehe 11 Februari 1992 nyuma ya mlango wa saba, kati ya majora ya vitambaa, kwa sababu mvua ya mawe ilizuia mama yake kufika hospitali. Masanja ndiye aliyesimama mlangoni ameshika jora la khanga kama pazia, ametazama upande mwingine, akiwaambia wateja, "Leo kwa mtani hakuuzwi kitu, leo anapokea mzigo."

Sisi Wafipa na ndugu zetu Wasukuma ni watani, na kati ya mlango wa saba na wa nane utani haukulala. Masanja alikuwa akisema anauogopa uchawi wa kwetu, kila akikosa msumari alimwomba Evodia amrudishie katika umbo lake la kwanza, na Evodia alikuwa akiwaambia wateja wa majembe, "Nunueni haraka, huyu akisikia ng'ombe analia atatoka mbio awaache na chenji yenu." Watu walikuwa wakija Ndani bila shida ya jembe wala ya uzi, waje wasikie hao wawili wameamkaje.

Asubuhi ya Jumanne tarehe 12 Machi 1996, Masanja alisimama njiani katika ule mwanga wa kijani, begi begani, Evodia anapima kitambaa, pini mdomoni.

"Mtani, nishikie duka," akasema Masanja, "nakwenda Kasanga kupokea majembe, Jumapili niko hapa, na nikikuta jembe moja limegeuka bundi nitajua ni nani."

Evodia hakuinua macho, akajibu pini ikiwa mdomoni, "Nenda, wewe mwenye harufu ya zizi, usiporudi nitauza majembe, nitauza kofia, nitauza mpaka mlango."

Masanja alikuwa amefika langoni, akarudi, akavua kofia yake, akaitundika kwenye msumari ndani ya duka lake, akasema, "Basi anza na hii, isikusumbue," na wapangaji wakacheka mlango kwa mlango mpaka alipotoka.

Kasanga alifika. Mdogo wake Malimi, aliyekaa pale kwenye benchi la watani, alimfuatilia mwezi uliofuata, akaambiwa na mama lishe kwamba alikula samaki wa mgebuka na ugali wa muhogo, akataniana naye, kisha akapanda mashua ndogo iliyokuwa inavuka Ziwa Tanganyika kwenda Mpulungu, upande wa Zambia, na ziwa siku hiyo lilikuwa limetulia kama maji ya beseni. Mashua haikufika upande wa pili, haikurudi huku, ubao wake hata mmoja haukuonekana ufukweni. Milepa wazee walitaka kukaa msiba, lakini mama yao, marehemu Hellena, aliuliza kwanza duka la mwanawe lina hali gani, akaambiwa liko wazi na linauza, akasema, "Hatuwezi kumlilia mtu ambaye duka lake liko wazi," wakatawanyika. Mama huyo alifariki tarehe 19 Agosti 2003 bila kumlilia mwanawe, na bila kuacha kumtayarishia mahali pa kulala.

Hapo, ndugu waombolezaji, ndipo ugonjwa wa jengo, marehemu wetu, ulipoanza, ingawa kwa nje alionekana mzima. Duka la Masanja lilishikwa na Dada Evodia kwa uaminifu ambao sijauona mahali pengine, alilifungua, alilifagia, majembe yakiisha aliagiza mengine, na fungu la faida la mama Hellena lilifika Milepa. Likauza kuliko yote. Wateja walikuwa wakija na kumwambia, "Nipe lile alilonichagulia juzi yule bwana," naye akidhani wanamsema Polikarp au Shedrack, mpaka alipowauliza mafundi hao wakasema hawajawahi kuingia humo. Vumbi lilitua juu ya kila meza ya jengo, juu ya meza ya mlango wa nane halikutua. Kofia ilibaki msumarini.

Mwaka 2001 mabasi yalihamishiwa kituo kingine, na ndoa ikaishia hapo. Wapangaji walikosa wateja, lakini hakuna aliyeweza kumkabili mzee Felisian, aliyekuwa ameanza kupoteza macho na kukaa langoni akiwatambua kwa hatua zao, akamwambia, mzee, nahama. Ingekuwa kumtukana. Kwa hiyo kila mmoja alitumia maneno aliyofundishwa na mzee mwenyewe. Polikarp alipakia cherehani alfajiri akamwambia Evodia, "Dada, nishikie duka, nafika Tunduma mara moja." Shedrack akasema anapeleka redio ya watu Namanyere. Muuza chumvi alisema anakwenda kumwona mgonjwa. Walisema kwa heshima, wakavuka lango kwa heshima, hakuna aliyerudi, na hakuna hata mmoja aliyesema uongo mkubwa, ulikuwa uongo mdogo mdogo wa adabu, kama ule wa kusema umeshiba. Baba alifariki tarehe 2 Mei 2005 akiamini kwamba wapangaji wake wote wako safarini, na neno lake la mwisho kwa Evodia lilikuwa, "Milango yao?" naye akajibu, "Iko wazi, baba."

Tangu hapo Dada Evodia alishika milango yote. Kila asubuhi alianza na wa kwanza, akauvuta juu, akasema hodi, akasubiri kidogo kama inavyotakiwa, akaenda wa pili, mpaka wa kumi na nane, na jioni akaishusha. Vijana wa bodaboda wa hapo langoni walimwita Bibi Milango, wakimpigia kelele, "Bibi Milango, mambo, leo umeuza?" naye hujibu, "Nimeuza salamu, njoo uchukue chenji," lakini vijana hao hao niliwauliza kwa nini hawaegeshi pikipiki ndani mvua ikinyesha, wakaangaliana, mmoja akasema, "Mwalimu, mle ndani pamejaa."

Nimeombwa na familia niseme yaliyoonekana bila kuongeza, nami nitasema mawili tu. Mwezi wa tatu 2009 mama mmoja, Albina, mkulima wa mahindi wa huku juu, si wa bonde la Milepa, alikuja kununua jembe, akapimiwa mpini, akafungiwa kwa gunia, akaulizwa habari za mvua ya Milepa, akajibu yeye si wa Milepa, akaambiwa, "Ukipata mtu wa huko mwulize," akaondoka na jembe lake. Dada Evodia wakati huo alikuwa kanisani, ilikuwa Jumapili, na alikuwa amefungua milango kabla ya kwenda misa kama desturi. Aliporudi alikuta jembe moja limepungua rafuni. Mama Albina yupo, amekaa pale chini ya turubai, na jembe hilo analimia hadi leo.

La pili nililishuhudia. Tarehe 18 Novemba 2010 nilikuwa nawarudisha wanafunzi wangu wa darasa la pili kutoka kanisani, mvua ya mawe ikatukuta hapa, nikawaingiza Ndani. Walikuwa watoto wenye adabu, wakapita kwa mstari, katika ule mwanga wa kijani uliokuwa umefifia kwa ukungu wa paa, na kila mlango wakasema shikamoo, nami nikawaacha, kwa sababu mtoto hakatazwi kusalimu. Tulipotoka, mtoto wa mwisho katika mstari, aitwaye Angela, alinishika sketi akauliza, "Mwalimu, kwa nini yule babu mwenye kofia ameitikia ya wenzangu, yangu hajaitikia?" Nikamwuliza babu yupi, akanionyesha kwa kidole mlango wa nane. Nilimwambia, "Labda hakusikia, kamwamkie tena." Alikwenda peke yake, akasimama mlangoni, akapiga goti kidogo kama tunavyowafundisha, akarudi ameridhika.

Kuhusu kifo, Alhamisi tarehe 16 Januari 2014, saa nane mchana, baada ya mvua kubwa na upepo, boriti ya mashariki ilivunjika na paa la milango mitatu likashuka. Aliitwa mhandisi, akagonga kuta kwa nyundo ndogo kama daktari anavyogonga kifua, akatikisa kichwa, akaandika kwamba jengo lisikaliwe na mtu. Familia ikakubali. Fundi chuma mmoja wa hapa mjini akanunua mabati, nondo na milango, na hapo ndipo Dada Evodia alipoketi kwenye kigoda mbele ya mlango wa nane na kusema hatoki.

Sisi tulidhani ni uzee, Edith alidhani ni ukaidi, akambembeleza, "Mama, watu wenyewe walishakusahau," na mama akamjibu, "Waliosahau ni wao, mimi nilisema ndiyo." Tukawapigia simu wapangaji wote, mmoja mmoja, na kwa waliokufa tukawapigia watoto wao, waje wafunge milango yao, na hilo wamelifanya kwa unyenyekevu ambao familia haitausahau. Leo asubuhi, kabla ya sala, mlimwona Polikarp mwenye mvi akisimama mbele ya dada yetu akisema, "Dada, nimerudi," na yeye akamwangalia juu mpaka chini akasema, "Tunduma ni mbali hivyo?" watu wakacheka, Polikarp akalia, akaushusha mlango wake. Shedrack akaushusha wake. Watoto wa waliofariki wakaishusha ya baba zao. Milango kumi na sita imefungwa na wenyewe, umebaki wa saba, ambao dada yetu amesema ataufunga mwisho, na wa nane, ambao hauna wa kusema nimerudi.

Malimi alijitolea. Alishika chuma kwa mikono miwili akavuta, mnamjua Malimi, anaangusha fahali kwa pembe, na mlango haukusogea. Alirudi benchini akasema, "Mimi ni ndugu, sina ruhusa," na wazee wa Milepa wakaitikia kwamba ni kweli, ndugu ndiye anayelia, hawezi pia kuwa ndiye anayefukia.

Jana, nikiwa naanza kuandika historia hii, nilimfuata Dada Evodia pale kwenye kigoda nikamwuliza anaogopa nini, kama mwalimu anavyomwuliza mtoto aliyekataa kuingia darasani, bila haraka. Akaniambia, "Nilimwambia nitauza mpaka mlango. Sikumtazama usoni. Na sasa mlango umeuzwa." Nikaelewa kwamba kwa miaka yote hii alikuwa anashika duka ili neno lake lisitimie.

Kwa hiyo nataka niseme hapa mbele ya wote, na watoto mnisaidie kukumbuka. Neno la mtani haliui. Mtani hukwambia utakufa, nawe ukacheka, ukala naye, kwa sababu kinywa chake kimepewa ruhusa ambayo ndugu hana, na msibani ndiye huyo huyo anayetukana marehemu, analala kaburini kabla ya maiti, anadai ada, anatupa udongo wa kwanza, anafanya yale ambayo mikono ya wafiwa haiwezi. Watani wetu wa Milepa wamekuja leo kumzika mdogo wangu, ndio watakaofunga lango kubwa, na wamekwisha kumtukana vya kutosha, wamesema alikuwa na milango mingi kuliko akili. Sisi nasi tuna mtu wa kwao wa kumzika. Dada Evodia, wewe ni mtani wake Masanja. Tulikuwa tunatafuta nani mwenye ruhusa ya kuufunga mlango wa nane, na mwenye ruhusa amekaa mbele yake tangu mwaka 1996.

Na kuna jambo moja limetokea leo, ambalo wengi mmeliona na mmenyamaza, nalisema ili lisibaki linanong'onwa. Ninyi wenye maduka mnajua desturi ya hapa mjini, maiti ikipita barabarani kila mwenye duka hushusha mlango nusu, akasimama, mpaka wafiwa wapite. Saa mbili asubuhi hii, wafiwa walipoanza kuingia uani na Katekista Isdori akaanzisha wimbo, Dada Evodia alikuwa huku nje ananawa mikono, Edith akimmiminia maji, Malimi akiwa bado hajafika uani, na humo ndani hapakuwa na mtu. Tulisikia chuma kikishuka. Tulipoingia tulikuta mlango wa nane uko nusu, hapo hapo ulipo sasa, hapo hapo Malimi alipovuta ukagoma, na kofia haipo msumarini. Naona tu kwamba mfanyabiashara mmoja ameshusha mlango nusu kwa heshima ya jengo alilolipenda, na nusu iliyobaki amemwachia mtani wake.

Familia inamshukuru mhandisi aliyempima marehemu bila kumficha ugonjwa wake, mafundi waliomfunga paa kwa kamba miaka yote ya mwisho, majirani wa Mazwi waliotuletea kuni, maji na mahindi, akina mama wa jumuiya waliosonga ugali tangu jana, vijana wa bodaboda waliowabeba wazee kutoka kituoni bila kudai nauli, wapangaji wote waliorudi, mama Albina, fundi chuma aliyekubali milango ichukuliwe Jumatatu badala ya leo, na zaidi ya wote Dada Evodia, aliyesema ndiyo akaishika. Wasiotajwa wasione wamesahaulika, ni karatasi iliyokuwa ndogo.

Sasa nitanyamaza, nitawaomba watu wa mbele mpishe njia, Edith umshike mama yako mkono mpaka kwenye kizingiti, kisha umwachie. Dada Evodia, mtazame Masanja safari hii, umtukane kama ulivyozoea, ushushe mlango wa nane, halafu ushushe wa kwako. Kigoda chako tutakipakia kwenye gari.

Mdogo wangu, uliyetufunika wote kwa paa moja, pumzika kwa amani. Na wewe Masanja, mtani wetu, duka limeshikwa vizuri, pumzika kwa amani.